Spoki Arobaini za Nyuma

Ukitaka kujua mtu wa Kahama anakwenda umbali gani kila siku na anabeba nini, tazama gurudumu la nyuma la baiskeli yake. Keria iliyochomelewa nondo pembeni ni ya magunia na madumu. Keria yenye mto wa sponji uliovalishwa plastiki, na vyuma viwili vya kukanyagia vilivyotoka kwenye ekseli, ni ya abiria. Na pale ambapo nusu ya spoki zinang'aa na nusu zimeshika kutu, jua kwamba mwenye chombo zimemkatikia njiani mara nyingi, na kila mara amerudi kwa fundi kuzijaza.

Baiskeli za Kiingereza zilizoingia Usukumani wakati wa ukoloni zilisukwa spoki 32 mbele na 40 nyuma. Spoki hizo nane za ziada zilikuwa na sababu: uzito wa mpanda baiskeli huangukia nyuma. Hesabu ilipigwa Uingereza, kwa ajili ya karani au fundi wa kiwandani anayekwenda kazini na mfuko wake. Huku Usukumani spoki hizo zilikuja kubebeshwa pamba, maji, mkaa, wagonjwa na, baadaye, mawe ya dhahabu.

Mara kadhaa katika karne iliyopita safari ya kila siku ya watu wa nchi hii ilirefushwa na mambo makubwa ambayo hawakuyapanga wao: bei ya pamba, amri ya kuhamia vijijini, kufunguliwa kwa mgodi. Kila iliporefuka, walirudi dukani au kwa fundi na swali lilelile. Baiskeli ipi itakwenda na kurudi?

Udongo una majina

Kati ya Kahama na Bulyanhulu nchi ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na haina milima ya kumkatisha mtu pumzi. Barabara ya kutoka Kahama hadi Kakola, mji uliokua jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ina urefu wa kilomita 73. Hiyo si njia ya mtu kwenda na kurudi kwa baiskeli siku moja. Safari zenye uzito katika maisha ya watu ni zile zinazoingia na kutoka kwenye barabara hiyo: nyumbani hadi machimboni, kijijini hadi gulioni, shambani hadi kituo cha kununulia pamba, kitongojini hadi shule ya sekondari. Kilomita kumi, kumi na tano, ishirini, kila siku.

Wasukuma hawauiti udongo wao kwa jina moja. Luseni ni mchanga wa miinukoni, karibu na mawe makubwa. Itogolo ni udongo mgumu unaofuata chini yake. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Mkulima hutumia majina hayo kuamua apande nini na wapi, lakini mwenye baiskeli naye anayahitaji. Kwenye luseni tairi jembamba huzama, na mpandaji hushuka akasukuma. Kwenye itogolo, wakati wa kiangazi, gurudumu hukimbia kama limepewa lami. Kwenye mbuga iliyonyeshewa, kati ya Novemba na Mei, tope hushikamana na tairi, hupanda, hujaa ndani ya madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Mwendeshaji huvunja kijiti, huchokoa tope, huenda hatua hamsini, kisha huchokoa tena. Wanaoishi karibu na mbuga wengi huamua kuyang'oa madigadi moja kwa moja na kukubali kurushiwa matope mgongoni.

Kwa sababu nchi ni tambarare, baiskeli nzito isiyo na gia ilipata makao. Chukua mfano wa baiskeli ya gurudumu la inchi 28, yenye meno 44 kwenye sproketi ya mbele na 20 kwenye ya nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza karibu mita 5. Safari ya kilomita 20 ni mizunguko 4,000 hivi. Anayekanyaga mizunguko 60 kwa dakika anakwenda kilomita 17 au 18 kwa saa kwenye njia nzuri, na mwendo huo mtu mwenye afya anaweza kuushika bila kulowa jasho la kumwaibisha mbele ya watu. Kwenye miinuko ya Bukoba au Lushoto hesabu hiyo ingemwangusha. Hapa inambeba.

Pamba ilipolipa

Kabla ya baiskeli, watu wa nchi hii walikuwa tayari wasafiri wa sifa. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliobeba mizigo ya misafara ya karne ya 19 kati ya bara na Bagamoyo, mwendo wa miezi. Baiskeli haikuwafundisha kusafiri. Ilichowapa ni kwenda mbali na kulala nyumbani siku hiyohiyo.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Isaka na Shinyanga. Kahama ilibaki magharibi ya reli, na kila kitu kilichoshushwa kwenye behewa kilikuwa na safari nyingine ya barabarani mbele yake. Upande huo wa magharibi ulikuwa pia nchi ya miombo na mbung'o. Shinyanga ndiko serikali ya kikoloni ilikoweka makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na maelfu ya watu walitolewa kufyeka vichaka ili kuwafukuza wadudu hao. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea. Aliyepita msituni kwa baiskeli alijua kwamba kusimama kuziba pancha ni kujitoa kuumwa, na kwamba hata akikimbia watamfuata.

Fedha za kununulia baiskeli zilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa migodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulichimbwa kuanzia 1936 hadi 1966, na mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi huko Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Mishahara ya migodini ilirudi vijijini ikiwa shuka, bati, ng'ombe na baiskeli.

Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa pamba. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei za malighafi zilipanda duniani, na Usukuma ukawa na zao linalotakiwa. Wakulima hawakukaa wakipunjwa kwenye mizani. Walijenga vyama vyao vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani, ambalo lilikua kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mkulima aliyelipwa msimu wa pamba alikuwa na fungu la fedha taslimu mkononi kwa mara moja, na fungu la namna hiyo ndilo hununua kitu kikubwa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Raleigh ilitoka Nottingham, katika kiwanda alichokijenga Frank Bowden kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880. Hercules na BSA zilitoka Birmingham. Zilitofautiana kwa nembo na rangi, lakini umbo lilikuwa moja: fremu ya chuma iliyolala kwa nyuma, foku iliyopinda mbele ili kumeza mishtuko, magurudumu ya inchi 28, kiti cha ngozi chenye springi, na breki za vyuma. Breki hizo hazikuwa na waya. Ukibana mkono wa usukani, fimbo za chuma huvuta vibao vya mpira juu, vikabana upande wa ndani wa ringi. Siku ya mvua zilishika kwa shida. Lakini fimbo ya chuma haikatiki kama waya, na ikipinda hunyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe.

Hapo watu walifanya uchaguzi wao wa kwanza, na ulikuwa wa busara. Waingereza walikuwa na gia. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianza kuuza gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa anayekwenda kazini mbali zaidi gia hizo zilikuwa raha tupu. Lakini ndani ya habu ile mna meno madogo, springi nyembamba na vipini ambavyo ukikivuta kimoja vibaya vingine vyote huhama. Habu isiyo na gia ina ekseli, koni na gololi. Gololi zikisagika, fundi wa gulioni anazo nyingine kwenye kopo la mafuta ya mgando. Baiskeli iliyotawala barabara za Usukuma ikawa ile isiyo na gia.

Ilikuwa pia mali inayojulikana na serikali. Mamlaka za wilaya zilitoza ada ya leseni ya baiskeli, na ada hiyo iliendelea baada ya uhuru. Aliyepita bila leseni alikimbia alipoona askari wa halmashauri kama anavyokimbia leo mwendesha pikipiki asiye na kofia ngumu.

Kijiji kiliposogea

Msukuma wa zamani hakuwa na kijiji cha nyumba zilizopangwa mstari. Kaya ilikaa katikati ya mashamba yake, na jirani alionekana ng'ambo ya bonde. Mtu alitoka mlangoni, akaingia shambani.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika Shinyanga kwa nguvu. Kaya zilihamishwa na kupangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viweze kuwafikia watu pamoja. Nyumba zilisogezwa. Mashamba yalibaki pale yalipokuwa. Kwa siku chache tu mkulima ambaye hakuwahi kusafiri kwenda kazini akawa na safari ya asubuhi na safari ya jioni, akiwa na jembe, maji ya kunywa na, wakati wa mavuno, kila kilichovunwa. Ng'ombe nao walimaliza majani karibu na vijiji na watu walikata miti yote iliyokuwa jirani, kuni zikawa mbali zaidi mwaka hadi mwaka. Ndiyo hali iliyoifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kurudisha miti na kuyapa nguvu mapori ya malisho ambayo Wasukuma huyaita ngitili.

Uhitaji wa baiskeli ulipanda wakati ambapo kuipata kulikuwa kugumu. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na bidhaa zilifika mikoani kwa mgao kupitia maduka ya kampuni za biashara za mikoa, RTC. Serikali ilijaribu kuunda baiskeli nchini: kampuni ya taifa ya NABICO, Dar es Salaam, ilitoa baiskeli za Swala, na wazee wengi wa leo walijifunzia kuendesha juu ya Swala ya baba zao. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, upungufu wa fedha za kigeni, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Kulikuwa na misimu ambayo tairi jipya lilikuwa adimu kuliko baiskeli yenyewe. Watu walishona matairi yaliyopasuka kwa uzi wa katani, wakaweka kipande cha tairi kuukuu ndani ya lililochanika, wakaendelea.

Ni katika miaka hiyo pia Wachina waliingia katika hadithi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iligharimiwa kwa mkopo wa China, na sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizoletwa ziuzwe madukani. Watanzania wakazoea vitu vya Kichina. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, milango ikafunguka zaidi, na Phoenix ya Shanghai ikawa baiskeli ya kila kijiji, ikifuatwa na Hero na Avon za Ludhiana, India.

Kwa fundi, mabadiliko hayo hayakuwa na kishindo, na hilo ndilo jambo la kushangaza. Wachina na Wahindi walikuwa wamefuata umbo lilelile la Kiingereza: inchi 28, breki za vyuma, kranki iliyofungwa kwa pini ya kugongomea. Tairi la Hero liliingia kwenye ringi ya Raleigh. Pini ya Phoenix ilipita kwenye kranki ya Hercules baada ya kusuguliwa tupa kidogo. Raleigh ya babu ikabaki hai kwa kulishwa vipuri vya Kichina, hata baada ya kiwanda cha Nottingham kuacha kabisa kuunda baiskeli mwaka 2002. Nyingi za Kichina na za Kihindi zilikuja na kitu kimoja ambacho mbeba mzigo alikipenda mara moja: fremu ya bomba mbili za juu, moja chini ya nyingine, isiyokunjika kirahisi keria ikilemewa.

Njia za dhahabu

Dhahabu ya Bulyanhulu ilijulikana katikati ya miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walikuwa wamemiminika. Machimbo yana msamiati wake. Shimo ni duara. Magogo ya kushikilia kuta ni matimba. Mashine ya kusaga mawe ni karasha, na mahali pa kuoshea unga wa mawe ni mwalo. Kati ya vituo hivyo vyote kuna umbali, na katika machimbo mengi ya Kanda ya Ziwa umbali huo umekuwa ukikatwa kwa baiskeli. Matimba hufungwa kando ya fremu, mawe huwekwa kwenye viroba juu ya keria, na maji ya mwaloni hupakiwa kwenye madumu ya lita 20.

Baiskeli ya mawe haiendeshwi. Husukumwa. Anayesukuma hufunga fimbo ndefu kwenye usukani ili aushike akiwa pembeni, huweka mkono wa pili nyuma ya kiti, na hutembea akiegemeza chombo kwenye nyonga. Kiroba kimoja cha mawe kikipakiwa vibaya upande mmoja, ringi ya nyuma hupinda umbo la namba nane kabla ya kufika karasha. Wapakiaji wazoefu huweka uzito mbele ya ekseli kadiri inavyowezekana, karibu na kiti, ili usiinue foku. Ni elimu ya mizani iliyopatikana kwa kuharibu ringi nyingi.

Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining, chini ya Sutton Resources ya Canada, ilipewa leseni ya eneo hilo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa, na mgogoro wa kuondolewa kwao uliacha majeraha na mabishano yaliyodumu miaka mingi. Kampuni ya Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Uzio ulipowekwa, ramani ya safari za kila siku ilichorwa upya. Aliyekuwa akiishi hatua chache kutoka kwenye duara lake alilazimika kutafuta machimbo mengine na kwenda huko kila asubuhi. Kakola nayo ilikua: wauza samaki, mama lishe, vibarua wa ujenzi, mafundi wa kila aina, wengi wao wakitoka vijiji vya mbali alfajiri na kurudi jioni.

Miji hiyo ilizaa pia kazi mpya. Kahama na Shinyanga, baiskeli ya kubeba abiria haikuitwa bodaboda, jina lililotoka mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda. Iliitwa daladala, jina la mabasi madogo ya Dar es Salaam. Mwendesha daladala hakuhesabu safari moja ndefu. Alihesabu safari fupi nyingi kutwa nzima, na kila moja akiwa na mtu mzima nyuma yake. Ndiye mteja mgumu kuliko wote kwa fundi, kwa sababu akilala siku moja na gurudumu bovu hali chakula.

Pikipiki za Kichina zilizidi kuingia tangu katikati ya miaka ya 2000, na kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria. Abiria wa haraka walihama. Lakini pikipiki inakunywa petroli kila siku, na baiskeli inakula uji wa mwenyewe. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, nauli ya pikipiki kwenda na kurudi inaweza kumeza sehemu kubwa ya ujira. Kwa mwanafunzi wa sekondari za kata, zilizoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari kuanza mwaka 2004, kilomita nane za asubuhi ni saa moja na nusu au zaidi kwa miguu na chini ya saa moja kwa baiskeli. Kwa msichana, tofauti hiyo ni pia kufika nyumbani kabla ya giza.

Gia au bomba mbili

Katika maduka ya Kahama leo anayetaka baiskeli ya safari ndefu hukuta makundi mawili. Kuna Phoenix na ndugu zake, nyeusi, nzito, zimevalishwa karatasi na plastiki. Na kuna baiskeli za gia, nyingi zikiwa mtumba kutoka ng'ambo, za gurudumu la inchi 26 na tairi pana lenye meno.

Ya gia ina hoja nzito. Tairi lake pana halizami kwenye luseni kama lile jembamba. Ni nyepesi. Upepo wa mchana unaovuma uwandani ukimkabili mwendeshaji, hushusha gia badala ya kusimama juu ya pedeli. Anayekwenda kilomita 15 bila mzigo, akiwa na chakula chake na nguo za kazi tu, atafika akiwa na nguvu za kufanyia kazi.

Hoja za upande wa pili huanza baada ya miezi. Cheni ya baiskeli ya gia ni nyembamba, na vumbi jekundu la barabara huila haraka. Mkono wa kubadilishia gia huning'inia karibu na ardhi na hugonga visiki. Waya wa breki hukatika ndani ya ganda lake, mahali usipouona. Foku yenye springi, inayovutia macho dukani, hulegea ikawa inacheza. Ndiyo maana barabarani hukutana na baiskeli ya gia iliyofanyiwa upasuaji: fundi ameondoa gia zote, amefupisha cheni, ameacha sproketi moja ya nyuma na moja ya mbele, amechomelea keria ya nondo. Mwenye chombo amechukua tairi pana na fremu nyepesi, akayaacha mengine. Ni uchaguzi uleule wa wakati wa pamba, uliofanywa kwa bisibisi.

Kwingineko waliofikiri kitaalamu walifika karibu na hapohapo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilitengeneza baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika: fremu nene, keria ya kubeba kilo 100, gurudumu la inchi 26, na breki ya kukanyaga nyuma isiyo na waya wala fimbo. Kwa miaka mingi iliuzwa bila gia.

Mnunuzi mzoefu hampi muuzaji fedha kabla ya kuinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, akitazama nafasi kati ya ringi na kibao cha breki. Hugonga bomba za fremu kwa kucha na kusikiliza mahali zilipochomelewa. Hushika pedeli zote mbili na kuzitikisa kwa pembeni. Kisha, hata baiskeli ikiwa mpya kabisa, haendi nayo nyumbani. Huipeleka kwa fundi ikafunguliwe yote, kwa sababu ya kiwandani hufika na mafuta ya mgando kidogo mno na spoki zisizokazwa sawasawa.

Fundi hukaa chini ya mti, na duka lake ni sanduku la mbao, karai la maji na tupa. Swali lake la kwanza halihusu fedha. Anataka kujua mtu anakwenda wapi kila siku, anapita njia gani, na nyuma anabeba nini. Mwenye kupita mbuga anaondolewa madigadi. Mwenye kubeba maji anawekewa spoki nene nyuma. Mwenye kwenda mbali bila mzigo anapandishiwa kiti mpaka mguu wake unyooke karibu wote pedeli inapokuwa chini, jambo dogo ambalo hupunguza maumivu ya magoti kuliko baiskeli mpya. Msichana wa shule anayevaa sketi anatafutiwa fremu isiyo na bomba la juu.

Kazi ya kuiweka lami barabara ya Kahama hadi Kakola imeanza katika miaka hii. Lami itabadilisha hesabu tena: tairi jembamba lililojazwa upepo sana litakwenda mbio, luseni itabaki kwenye njia za kuingia vijijini, na malori yatapita karibu zaidi na kwa kasi zaidi ya mwenye baiskeli anayekaa ukingoni. Mafundi wanaofanya kazi kando ya barabara hiyo tayari wanaulizwa kama gia zilizoondolewa zinaweza kurudishwa.

Kwa sasa kazi ni ya kurudisha gurudumu katika mstari. Baiskeli imepinduliwa, kiti na usukani viko chini. Fundi ameshika kipande cha chaki, amekiegemeza kwenye fremu, karibu na ringi bila kuigusa. Anazungusha. Chaki inaacha alama nyeupe sehemu moja tu, pale ringi inapotoka nje. Anasimamisha gurudumu, analegeza spoki mbili za upande wa alama kwa robo mzunguko wa spana, anakaza mbili za upande wa pili, anafuta alama kwa kidole gumba. Anazungusha tena. Alama inakuwa fupi. Mwenye baiskeli, ambaye kesho kabla ya jogoo wa pili ana kilomita 14 za kwenda na 14 za kurudi, amechuchumaa na kuangalia chaki. Mara ya tano gurudumu linazunguka kimya, spoki zote arobaini zikipotea machoni, na chaki haigusi kitu.